Nyumba ya Mtu Asahauye

Katika mwaka 2019 nilimjengea mama yangu nyumba. Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na miwili, na fedha nilizoweka kidogo kidogo katika chama chetu cha kuweka na kukopa zilitosha kununua matofali ya kuchoma, saruji na mabati. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu, madirisha ya vioo, sakafu ya vigae vyeupe ving'aavyo, na choo cha ndani. Nyumba yake ya zamani, ya fito na udongo, iliyosimama hatua sitini hivi nyuma yake, niliibomoa nipate mahali pa bustani. Na mkumi mmoja uliokuwa karibu na mlango wake niliukata pia, kwa kuwa nilihofu utaangukia mabati yangu. Watu waliopita njiani walinipongeza, nami nilijiona mwana mwema. Leo nataka kuwaeleza jinsi nyumba ile ilivyokaribia kumwua mama, na jinsi tulivyojaribu kutengeneza tulipoharibu. Maana najua kwamba katika vijiji vya Kilosa hii wako wengi wenye mzee wa namna yake, nao huona haya kunena.

Mama alizaliwa katika milima ya Vidunda, upande wa kusini wa Mikumi, wala hapana aijuaye tarehe yake. Yeye mwenyewe hupima kwa mambo yaliyotokea: bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961 alikuwa mwali. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, aliteremka akaja Mikumi akiwa amenibeba mimi mgongoni. Alilima mahindi na mpunga, akasuka mikeka ya ukindu, na mikeka yake ilijulikana mpaka Kidodi. Kwa fedha ya mikeka hiyo nilisoma. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu gani nimwelezaye, kwani ugonjwa huu huwafanya watu waone ugonjwa tu wasimwone mwenyewe.

Mwaka 2017 alianza kuuliza neno moja mara tano. Alitia chumvi mara mbili katika mboga, au asitie kabisa. Alimshtaki binti yangu kwamba amemwibia fedha, kumbe fedha alizifunga mwenyewe katika pindo la kanga, na kanga akaifukia katika debe la unga. Akamsalimu mgeni mmoja kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Sisi tulicheka, tukasema ni uzee. Mama naye alicheka pamoja nasi, lakini nadhani alikuwa ameanza kuogopa, maana niliona amefunga uzi mwekundu katika kitasa cha mlango wake, na nilipomwuliza ni wa nini akasema, "Ni ili mlango unijue." Siku ile nilidhani anafanya mzaha.

Basi katika hali hiyo nikamhamisha.

Usiku wa kwanza katika nyumba mpya hakulala. Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba, amepandisha kanga yake mpaka magotini kama mtu atakaye kuvuka mto. Nikamwuliza, "Mama, mbona huingii?" Akanijibu, "Maji ni mengi." Vile vigae vyeupe, taa ilipoviangaza, kwake yeye vilikuwa maji. Jioni ilipoingia alimwona kikongwe katika kioo cha dirisha akimtazama kutoka nje, akamwitikia kwa adabu, kisha akakasirika kwa kuwa yule kikongwe haondoki. Choo cha ndani alikataa kukitumia. Alisema, na kwa kweli hakukosa, kwamba watu wenye adabu hawajisaidii ndani ya nyumba walalayo. Kwa hiyo alitoka usiku kwenda kukitafuta choo chake cha zamani, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepanda mchicha. Asipokiona, alizunguka. Na kila siku, jua lilipoanza kushuka, alifunga kanga mbili na sahani yake katika bahasha ya kitambaa, akasema, "Haya, nimekaa sana. Nataka kwenda kwetu." Mimi nilimjibu, "Mama, hapa ndipo kwenu." Naye alinitazama kama mtu anavyomtazama mwongo.

Mwezi haukupita, maneno yakaanza. Jirani mmoja alimwona nje saa nane za usiku, nguo zimemdondoka kwa kuwa hakukumbuka kuzifunga. Hapa kwetu, mtu aonekanaye uchi usiku hupewa jina moja tu. Watoto wakaacha kupita mbele ya nyumba yetu. Hili si jambo la kuchezea: sote tumesikia habari za vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uletwao na moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote. Mimi niliogopa. Nikaenda dukani nikanunua kufuli.

Miezi mitatu mama alifungiwa tangu magharibi mpaka alfajiri. Nilijiambia kwamba namlinda na watu, na tembo, na magari. Mke wangu, alalaye usingizi mwepesi, alimsikia akikwaruza mlango. Na asubuhi moja tuliona kucha zake zimetoka damu. Mke wangu aliniambia, "Baba Neema, mbuzi wetu hatuwafanyii hivi." Nilinyamaza, maana sikuwa na la kumjibu, lakini kufuli sikuiondoa.

Jioni moja ya mwezi wa Septemba binti alisahau kufunga. Tulipoamka mlango uko wazi. Wale wasioijua Mikumi yafaa niwaeleze kwamba barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, hata Tunduma na Zambia, hupita katikati ya mji wetu. Na kabla ya kufika mjini kutoka Morogoro hupita ndani ya hifadhi ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1964, mwendo wa kilomita hamsini hivi. Malori hayalali. Mama alitaka kwenda Vidunda, lakini alishika njia iliyo kinyume, akaelekea hifadhini. Dereva wa lori alimkuta alfajiri, ameketi kando ya lami ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, na bahasha yake mapajani, anangoja basi. Kinyesi cha tembo kilikuwa kibichi barabarani. Dereva yule alimsalimu, akampa maji, akageuza njia yake yote akamrudisha mjini, akiuliza stendi, "Nani anamjua bibi huyu?" Nilipotaka kumpa fedha alikataa, akasema mama yake mwenyewe yuko vivyo hivyo Mbeya. Jina lake sikulipata.

Wiki ile ile nilimpeleka mama kwa daktari mjini Morogoro. Kwanza alipimwa malaria, kisukari, shinikizo la damu, na magonjwa ya mkojo, kwani, alisema, si kila mzee apotewaye na akili ana ugonjwa wa kusahau. Mwingine ana homa tu, akitibiwa hurudiwa na fahamu zake. Neno hili nawasihi mlishike, maana wako wazee waliokwisha kutangaziwa wazimu ambao walihitaji dawa ya siku saba. Kisha akamwuliza mama mwenyekiti wa kijiji ni nani. Mama akamtaja aliyetawala zamani za vijiji vya ujamaa, tena akamsifu. Akaambiwa ataje wanyama wote awajuao katika dakika moja. Akasema, "Mbuzi, kuku, tembo, mbuzi," akafikiri, akasema, "na mbuzi." Mwisho daktari alipanga njiti za kiberiti mezani kwa mfano fulani, akamwambia apange zake vivyo hivyo. Mikono ile iliyosuka mikeka ya mistari minne haikuweza. Nilitazama dirishani.

Daktari alinieleza kwamba vipimo vya namna hii vilitengenezwa kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma, vikajaribiwa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Katika vijiji vya huko, mwaka 2010, waliwapima wazee wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba katika kila mia, sita na zaidi kidogo wana ugonjwa huu, ambao waganga huuita demensia. Kumbe si ugonjwa wa Wazungu, wala si wa mijini. Shirika la Afya la Dunia limehesabu watu zaidi ya milioni 55 walio nao duniani, na zaidi ya nusu wanakaa katika nchi zisizo na mali nyingi. Aina iliyo kubwa ni ile iliyoelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani Alois Alzheimer, alipochungua ubongo wa mwanamke mmoja aliyemjua hospitalini Frankfurt: aliona takataka zimegandamana baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zimejisokota ndani yake. Nyingine huletwa na mishipa ya damu iliyoziba, na hapo shinikizo la damu lina sehemu kubwa. Kwa mama alidhani zote mbili zimechanganyika. Dawa ya kuuponya hapana.

Nilikuwa nimekwisha kuinuka niende zangu, daktari akaniuliza, "Mwalimu, nyumba yenu ikoje?"

Nilimweleza kwa majivuno kidogo: vigae, vioo, choo cha ndani. Aliweka kalamu chini. Akasema kwamba mtu wa namna hii hupoteza mambo ya jana kabla ya mambo ya utotoni. Kwa hiyo nyumba ya jana hawezi kujifunza, na nyumba ya zamani anaitembelea hata gizani. "Wewe ulimwondolea kumbukumbu iliyokuwa imebaki," akasema, "maana haikuwa kichwani mwake, ilikuwa katika kuta." Nilirudi Mikumi nikiwaza ule uzi mwekundu.

Tukafanya kikao cha jamaa. Dada yetu mkubwa alikuja kutoka Kidodi, na mdogo wetu kutoka Dar es Salaam. Mdogo wetu alitaka mama apelekwe katika makao ya wazee ya Fungafunga, Morogoro. Nilimweleza kwamba makao ya serikali yamewekwa kwa wazee wasio na mtu, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yaiweka jamaa kuwa mtunzaji wa kwanza. Mzee mwenye watoto watatu wazima akipelekwa pale atachukua kitanda cha asiye na hata mmoja. Akasema basi atamchukua Dar es Salaam, anakokaa orofa ya tatu. Hapo dada akasimama. "Mmemhamisha mara moja ameokotwa na lori. Mwataka kumhamisha mara ya pili aokotwe na nani?"

Mdogo wetu ni mtu wa kusoma, hakukasirika. Alitusimulia habari za Hogeweyk, katika mji wa Weesp karibu na Amsterdam, Uholanzi, ambako mwaka 2009 walifungua makao yasiyofanana na hospitali. Wagonjwa wote wana ugonjwa huu huu, na umekwisha kuwa mkali. Wanakaa sita au saba katika nyumba moja, kila nyumba imepambwa kwa desturi walizozizoea wakaao humo, nao husaidia kupika na kufua. Iko njia ya kutembea, iko bustani, liko duka, iko mikahawa, na lango ni moja tu. Muuza duka na wapishi wote wamefundishwa kuangalia wagonjwa. Mgonjwa hutoka nje saa yoyote atakayo, kwa kuwa nje yenyewe imo ndani. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akauliza gharama, akaambiwa ni mamilioni ya fedha za Ulaya. Akacheka sana. "Kumbe wamekusanya mali yote hiyo kujenga kijiji!"

Sisi nasi tulicheka. Lakini usiku niliwaza kwamba dada amesema nusu. Kijiji tunacho, ni kweli. Ila kijiji chetu ndicho kilichomwita mama mwanga. Mtu aweza kuzungukwa na majirani hamsini akakosa mmoja wa kumwonyesha choo. Wajapani wameliona jambo hili: tangu mwaka 2005 huwafundisha watu wa kawaida, wenye maduka, watu wa benki, hata watoto wa shule, somo fupi lisilofikia saa mbili, ili wamjue mtu wa namna hii na wajue kumsaidia, na waliofundishwa wamepita milioni kumi. Hapana jengo katika somo hilo, na nadhani ndilo lililo la maana zaidi kwetu, kwa kuwa halihitaji saruji.

Hata hivyo tulianza na jengo, kwa sababu mimi ndiye niliyebomoa.

Tuling'oa mchicha, tukasimamisha kibanda pale pale, dada akituonyesha mlango ulikotazama na mafiga yalikokaa. Kuta ni za fito na udongo, lakini msingi ni wa mawe, na sakafu ni ya saruji isiyong'arishwa, yenye rangi ya udongo mwekundu, isije ikawa mto tena. Hapana kizingiti cha kumkwaza. Kitanda tulikiweka hivi kwamba afumbuapo macho huuona mlango wa choo, na mlango huo tumeupaka rangi ya buluu iliyokolea, ukutani kweupe, ili uonekane. Taa ndogo ya jua huwaka kati ya kitanda na choo usiku kucha. Kioo hapana. Sahani zake, mtungi, na kinu vimerudi mahali pake. Mkumi hatukuweza kuurudisha. Mti ule huhitaji miaka mingi kuliko aliyobakiwa nayo. Mara nyingine huja akasimama pale ulipokuwa, akatazama juu.

Ua ulitusumbua. Fundi alishauri minyaa, kwa kuwa hukua upesi, lakini maziwa yake yakiingia jichoni huunguza, tukaacha. Tukajenga kwa mianzi. Ndani ya ua tumetengeneza njia moja inayotoka mlangoni, ikapita kwa kuku, ikapita chini ya mipapai, ikazunguka ghala, ikarudi mafigani. Atembeapo hafiki mahali pa kugonga ukuta, hufika nyumbani. Lango tumeliweka nyuma ya ghala, limefunikwa kwa mianzi ile ile, naye halioni.

Hapa dhamiri yangu haijatulia. Je, lango lililofichwa si kufuli iliyovaa nguo nzuri? Nilimwuliza mke wangu. Akasema tofauti ni kwamba kufuli ilimlilisha, na hili halimlilishi. Sijui kama jibu hilo latosha. Tumeweka kanuni kwamba kila siku saa kumi, jua linapoanza kushuka naye anapofunga bahasha yake, mmoja wetu humwambia, "Haya mama, twende," akamfungulia, wakatoka pamoja kuelekea Vidunda. Sisemi tena kwamba hapa ndipo kwenu. Namwuliza habari za huko: nani yuko, wamepanda nini, mto umejaa? Husimulia vizuri sana. Tukifika penye kisima huchoka, akasema, "Turudi, giza litatukuta." Na bahasha naibeba mimi.

Kisha nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa vijana wa pikipiki pale stendi, wapatao kumi na sita. Niliwaeleza ugonjwa ulivyo, nikawapa mambo machache: mkimwona peke yake msimkamate mkono wala msimbishie, msalimuni shikamoo, ulizeni anakokwenda, tembeeni naye kidogo, kisha nipigieni. Nambari yangu imeshonwa katika pindo la kanga zake zote. Nilidhani watacheka. Mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe babu yangu alikuwa na huu," akainama. Katika miaka iliyofuata wamemrudisha mara tatu, na mara zote alishuka pikipikini amefurahi, akidhani ametoka safari. Jirani yule aliyeanzisha maneno tulizungumza naye pia. Hunisalimu, lakini watoto wake bado huwavuta kando mama apitapo. Si kila mtu ageukaye kwa somo moja.

Kazi za mikono tulizirudisha polepole. Wamisionari wa Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako makao yaliyoanza mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani yaligeuka baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, walijua zamani kwamba mgonjwa apewaye kazi ya shamba hutulia kuliko akaliaye kitanda. Tulimletea mama ukindu. Vidole vilivyoshindwa na njiti za daktari vilishika ukili vikaanza kwenda vyenyewe. Husuka asubuhi yote. Umefika dhiraa nyingi, wala hauwi mkeka, kwa kuwa kuunganisha hawezi. Lakini husuka sawasawa, na mtu akimsifu huinua uso.

Alhamisi huja wazee wengine watatu wa vitongoji vya karibu, wakaketi chini ya mwembe wetu. Jambo hili nalo tuliliiga kutoka Hai, ambako wazee 34 wenye ugonjwa huu walikusanywa kwa makundi madogo, mara kumi na nne katika wiki saba, wakaimba, wakasema methali, wakafanya kazi za mikono. Na habari iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha akili zao zimepata nafuu na hofu zao zimepungua. Sisi si waganga, hatupimi. Ila namwona mama asiyelijua jina langu akitegewa kitendawili, naye akakitegua kabla hakijaisha kusemwa, akawacheka wenzake. Mimi huniita kwa jina la ndugu yake. Nimeacha kumsahihisha, ndugu yake alimpenda.

Nisijisifu. Mwandishi wa habari hizi ni mimi, lakini mfanyaji ni mke wangu, na baada yake ni binti yetu Neema, aliyelala na bibi yake katika kibanda kile miaka yote hii. Kumwogesha, kumfulia, kumsikia aamkapo mara nne kwa usiku: kazi hiyo hapana aihesabuye, wala hailipwi. Wenzetu wa Zanzibar, tangu Aprili mwaka 2016, kila mwenye miaka 70 hupewa kitu kidogo na serikali kila mwezi, na jamaa huweza kumlipa mtu wa kuwasaidia walau siku moja. Mke wangu amekonda. Nimeliona hili kwa kuchelewa, kama nilivyochelewa kuona mengine.

Na sasa Neema amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano, shule ya bweni, mbali. Mama mkwe wa jirani yetu wa pili, mmoja wa wale wa Alhamisi, naye ameanza kutoka usiku, na jamaa zake wamechoka kama sisi. Tumezungumza, tukakubaliana kukiongeza kibanda chumba kimoja chenye vitanda viwili, wazee wale walale pamoja, na nyumba mbili zipokezane zamu za usiku: kwao siku tatu, kwetu siku nne, kwa kuwa sisi tu wengi. Nani atalipa mafuta ya fundi hatujaafikiana, wala jirani hajakubali kwamba mlango wa choo uwe wa buluu. Asema kwake ulikuwa wa kijani, nami naona ana haki, kwa sababu mzee ni wake.

Jumamosi iliyopita tulipima chumba hicho, tukapigilia vigingi vinane na kufunga kamba. Jumapili tuliporudi kanisani tulikuta mama amevikusanya vyote, amevitia mafigani, na chungu kimechemka. Alitukaribisha tuketi. Tutapigilia vingine wiki hii.